Lakabu na Mwenye Lakabu

Jioni moja mwaka jana nilikuwa barazani nikichambua mbegu za alizeti, mjukuu wangu akaja ameshika simu yake, anacheka. Mtu mmoja alikuwa ametunga beti nne za kumsema mama anayetunza fedha za maji kijijini kwetu, na tangu asubuhi beti hizo zilikuwa zikiruka kutoka simu hadi simu. Nilivaa miwani nikazisoma. Vina vilikuwepo, na mizani haikuwa mibaya. Chini yake hapakuwa na jina la mtu bali maneno matatu: "Upepo wa Kindai". Kwa msomaji asiye wa huku, Kindai ni ziwa mojawapo kati ya mawili ya maji ya chumvi yaliyoupakata mji wa Singida; la pili ni Singidani.

"Babu," akaniuliza, "hivi kwa nini watu wa kwenye simu hawatumii majina yao?"

Nilimpa jibu la haraka, jibu la mwalimu anayetaka kufunga kipindi. Nikasema wanaogopa. Yeye akaenda zake ameridhika, lakini mimi nilibaki na mbegu zangu sikuridhika. Nilijua kwamba jibu lile halikuwa la kweli, au lilikuwa kweli nusu tu. Na sababu ya kulijua hilo nitaieleza mbele kidogo, maana hainipi sifa.

Tuanze na jina lenyewe. Jina tulilopewa utotoni si letu hasa; ni sentensi ya watu wengine kuhusu siku tuliyozaliwa. Mtoto wa mvua ni Masika. Aliyekuta nyumba ina dhiki ni Shida, au Tabu, au Mashaka. Katika daftari la mahudhurio niliwahi kuwa na Shida watatu darasa moja, na yule aliyekuwa mchangamfu kuliko wote shuleni aliitwa Mashaka. Wengine wamebeba jina la babu, wengine la mtakatifu waliyepewa kisimani. Hayo yote ni mema na yana heshima yake. Lakini hakuna hata moja ambalo mwenyewe aliulizwa. Ndiyo maana mtu akipata nafasi ya kujipa jina, hata la maneno mawili, anakuwa ametunga shairi lake fupi kuliko yote: shairi linalomhusu yeye. Kwa kuwa ni utungo, tuna haki ya kuuhakiki kama utungo mwingine wowote.

Vijana wanadhani jambo hili limeletwa na simu. La hasha. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, na baadaye katika magazeti ya Kiswahili yaliyofuata, ukurasa wa mashairi ulikuwa uwanja wa majina ya kujipa. Ustadh Andanenga alijiita Sauti ya Kiza. Hamdouniy alikuwa Jitukali. Akilimali, ambaye diwani yake ilitoka mwaka 1963, aliongeza Snow-White, theluji nyeupe, katika nchi ambayo theluji yake iko juu kabisa ya Kilimanjaro. Ahmad Nassir alitambulishwa kwa mji wake, Malenga wa Mvita, na diwani yake ya mwaka 1971 ikabeba sifa hiyo kuwa jina la kitabu. Wapo pia waliotosheka na walichopewa: Mathias Mnyampala, jirani yetu wa Dodoma, na Sheikh Kaluta Amri Abedi, walisimama na majina yao tu, wala hawakupungukiwa.

Kati ya majina hayo, mimi navutiwa zaidi na Sauti ya Kiza. Jitukali linatisha kabla mtu hajafanya neno. Ni kama bondia anayevua shati mlangoni. Sauti ya Kiza halitishi. Linasema: sikiliza kwanza, uso wangu utauona baadaye. Gizani hatuwezi kumhukumu mtu kwa mavazi wala kwa kabila. Tunalo sikio peke yake. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kujipa jina, na si woga. Ni kuomba kusikilizwa upya, bila historia ya jina la zamani.

Lakini msomaji angalia jambo moja. Washairi wale hawakujificha. Desturi ya ukurasa ule ilikuwa kuandika jina kamili, kisha lakabu, kisha sanduku la posta na mji. Aliyekereka aliweza kumwandikia mtungaji barua, na wengi walifanya hivyo. Malumbano yakaenda miezi kadhaa, watu wakafahamiana kwa wino bila kuonana. Lakabu ilisimama kando ya jina kama kofia juu ya kichwa. Haikuwa badala ya kichwa.

Vivyo hivyo kwa watuma salamu wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu alinunua kadi za salamu, akaandika jina lake, jina alilojipa na mahali alipo, akaituma. Mkulima ambaye kijijini hakuna aliyemsikiliza kikaoni alisikika nchi nzima kwa jina alilolibuni mwenyewe, na jirani zake walijua fika kwamba ni yeye. Siku jina lake liliposomwa alitembea kwa namna nyingine kwenda kisimani.

Wanamuziki wa kizazi kipya nao wanafundisha. Joseph Mbilinyi alianza kwa majina yenye tarakimu na Kiingereza, 2-Proud na Mr. II, akafikia Sugu. Mimi si mpenzi mkubwa wa muziki ule, lakini kama mwalimu wa lugha nampa alama za juu kwa hilo la mwisho. Sugu ni lile gamba ambalo mpini wa jembe huliacha kiganjani. Ni alama ya kazi na ya maumivu yaliyozoeleka. Pia ni ukaidi, kama ugonjwa usiosikia dawa. Neno moja, herufi nne, na kila mwenye jembe analielewa. Alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, akala kiapo kwa jina la wazazi, lakini watu waliendelea kumwita Sugu. Joseph Haule naye alianza kwa neno ambalo Wazungu wa Marekani walilitumia kuwadharau watu weusi, kisha akalitupa akawa Professor Jay, na mwaka 2015 akawa mbunge wa Mikumi. Alipojiita profesa hakuwa na cheo hicho, na watu wangeweza kumcheka. Ila jina lilimdai atunge mambo ya kufundisha, naye akajitahidi kulipa deni. Hapo ndipo nilipotaka tufike: jina la kujipa ni deni. Anayelichagua hasemi yeye ni nani. Anasema anataka kuwa nani, na jina humfuata kila siku likidai malipo.

Sasa nije kwangu.

Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1971 nikapangiwa shule ya msingi katika mkoa huu huu. Nilikuwa kijana, nina mdomo, na nilipenda kutunga. Nikajipa jina Mwiba wa Mgunga. Nilijiona nimechagua vizuri: mgunga ni mti wetu, mwiba wake ni mrefu na mweupe, unauona lakini unakuchoma. Kwa miaka miwili nilituma mashairi gazetini kuhusu usafi, elimu ya watu wazima na ulevi. Hayakuwa mabaya. Lakini niligundua kwamba jina halikuridhika. Mtu aliyejiita Mwiba hawezi kuandika kila wiki kuhusu kunawa mikono. Mwiba unataka mguu.

Mguu ukapatikana mwaka 1975. Ilikuwa baada ya mvua mbovu, njaa iko nje. Shule yetu, kama shule zote za Elimu ya Kujitegemea, ilikuwa na shamba, na ghala letu lilikuwa na mtama. Asubuhi moja magunia saba hayakuwepo. Mwalimu mkuu hakusema kitu. Nilingoja siku mbili, kisha nikaandika beti sita kuhusu panya mwenye miguu miwili na funguo kiunoni. Jina langu halisi nililiandika kwenye barua kwa mhariri, nikamwomba lisichapishwe. Hilo ndilo lililokuwa jipya. Kwa mara ya kwanza kofia ilikaa bila kichwa. Shairi likatoka, chini yake Mwiba wa Mgunga, Singida, basi.

Mtama ule ulikuwa umeazimwa shule nyingine ambako watoto walikuwa wakianguka darasani kwa njaa. Mwalimu mkuu aliombwa asitangaze, ili wazazi wasigombane. Mimi nililijua hilo baada ya gazeti kufika.

Aliniita ofisini. Nilidhani amenijua. Gazeti lilikuwa mezani, limekunjwa pale pale. Akasema, "Mwalimu, wewe una kipaji cha kutunga. Nisaidie nimjibu huyu mtu."

Msomaji, niliketi nikamtungia. Usiku kucha nilijibizana na nafsi yangu kwa mwanga wa kibatari. Alipolisoma alibadilisha neno moja tu: nilikuwa nimemwita mpinzani "nyoka", yeye akafuta akaandika "ndugu". Kisha akatia sahihi majina yake matatu, cheo chake na sanduku la posta la shule. Likachapishwa. Mwiba wa Mgunga hakujibu, na hakuandika tena.

Tangu hapo nimeyasoma mashairi hayo mawili mara nyingi, kama mhakiki, si kama mkosaji. Yalitungwa na mtu mmoja, mwezi mmoja, kwa bahari moja. Lile la kwanza lina vina vikali na mafumbo mengi, na ukilitikisa halina kitu ndani. Lile la pili ni zito. Kila mstari una jambo linaloweza kuulizwa: magunia mangapi, yalikwenda wapi, nani alishuhudia. Tofauti haikuwa kipaji. Tofauti ni kwamba la pili lilitungwa likijua kwamba chini yake litaandikwa jina la mtu mwenye mke, watoto na njia ya kupita sokoni. Jina la kweli linapima maneno kabla msomaji hajayapima.

Sisemi kwamba kuficha jina ni uovu daima. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika kijitabu cha kuihoji serikali ya Kenya, kikasambazwa kwa siri, naye akafungwa miaka mitatu. Asiyeelewa kwa nini maandishi kama yale yalipita gizani hajawahi kuogopa. Lakini mashairi aliyoyatunga gerezani yalipochapishwa mwaka 1973, Sauti ya Dhiki, jalada lilikuwa na jina lake. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mwenye kujificha anamsema nani? Akiwa mdogo anamsema mkubwa mwenye pingu, giza ni ngao yake. Akiwa anamsema jirani asiye na chochote ila heshima yake, giza hilo hilo ni la mwizi.

Na simu zimelikoroga jambo hili kwa namna ya ajabu. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, uliokamilishwa mwaka 2020, serikali inajua laini ni ya nani. Ukimtumia mtu fedha, jina lake la usajili linajitokeza kabla hujathibitisha. Mafundi na wauza kuku ninaowafahamu kwa majina ya kishujaa, siku ya kuwalipa nakutana na Tabu na Masika. Kwa hiyo Upepo wa Kindai hakujificha kwa wenye pingu. Alijificha kwa yule mama wa maji tu, ambaye hana njia ya kumuuliza.

Wiki ile ile nilimwita mjukuu nikamwambia jibu langu la kwanza lilikuwa bovu. Watu hujipa majina kwa sababu wana jambo ambalo jina la nyumbani haliwaruhusu kulisema au kuwa. Hilo ni haki yao. Ila kabla hujajipa jina, nilimwambia, jiulize litakudai nini, na siku litakapodai usilonalo utalipa kwa mali ya nani. Akanyamaza kidogo.

"Babu, na wewe ulikuwa nalo?"

Nikamwambia.

Mwalimu mkuu wangu alifariki mwaka 1996, sijamwambia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja ya kumwambia, na kwa miaka kadhaa kati ya hiyo tulikaa benchi moja kanisani. Binti yake yu hai. Kabla kitabu hiki hakijaenda kwa mpiga chapa nilimpelekea kurasa hizi kwa basi, na chini nikaandika majina yangu matatu, kisha Mwiba wa Mgunga, kisha sanduku langu la posta. Hajanijibu bado. Sanduku nalifungua kila Ijumaa.