Ndoo za Cuba Street: Hesabu ya Maji Yanayokosa Shabaha

Tangu mwaka 1969, ndoo za rangi kali zimekuwa zikijaa, kupinduka na kumwaga maji katikati ya Cuba Street, mtaa wa maduka jijini Wellington, New Zealand. Tramu zilikuwa zimeondolewa jijini humo mwaka 1964. Kipande cha mtaa kilipofungiwa magari na kuachiwa waenda kwa miguu, ofisi ya usanifu ya Burren and Keen ikabuni chemchemi hii. Wapita njia hulowa mara kwa mara, na ni rahisi kudhani kwamba fundi alikosea vipimo. Tuichambue hatua kwa hatua.

Pampu ina kazi moja tu, kupandisha maji hadi juu. Kutoka hapo, hakuna mota wala swichi inayoipindua ndoo. Ndoo ya aina hii hushikiliwa na ekseli ya mlalo. Ikiwa tupu, upande wa nyuma ni mzito kuliko wa mbele, hivyo hutulia mdomo ukiwa juu. Kadiri maji yanavyopanda, uzito huelemea upande wa mdomo na kitovu cha uzito husogea mbele. Kikishavuka ekseli, ndoo huinama. Inapoinama kidogo, maji hukimbilia mdomoni, upande wa mbele huzidi kuwa mzito, nayo huinama zaidi. Ndiyo maana haimwagi kwa kuchuruzika. Hubwaga karibu maji yote kwa mkupuo, kisha uzito wa nyuma huirudisha mahali pake.

Vipima mvua vingi vya kujiendesha vina kanuni hiyohiyo: kikombe hujaa, hupinduka, na kila mpinduko huhesabiwa. Ila kipima mvua hutakiwa kisipoteze hata tone.

Mdundo nao hutokana na ujazo. Tuseme ndoo ya lita 10 na ya lita 14 zinapokea nusu lita kwa sekunde kila moja. Ya kwanza itapinduka kila baada ya sekunde 20, ya pili kila baada ya 28. Zikianza pamoja, hazitapinduka tena kwa wakati mmoja mpaka sekunde ya 140. Ndoo za chini zina mambo zaidi, kwa kuwa hulishwa na mikupuo ya zile za juu. Mtazamaji hubaki akibahatisha ni ipi itakayofuata.

Sasa tuje kwenye kulowa. Maji yanayoanguka mita moja hutumia kama sekunde 0.45. Yakitoka mdomoni yakienda mbele kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, yatatua sentimita 45 mbele. Kasi ikipungua nusu, yatatua sentimita 22 hivi. Katika mkupuo mmoja kasi hubadilika tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mahali pa kutua huhamahama. Ndoo ya chini yenye mdomo wa kawaida haiwezi kuyadaka yote. Yanayobaki huanguka hodhini, na mengine huvuka ukingo. Ongeza upepo wa Wellington, jiji linalosifika kwa upepo, na matone huenda mbali zaidi.

Dawa ipo: midomo mipana, mpinduko wa polepole, hodhi kubwa. Lakini mpinduko wa polepole ungeondoa ule mkupuo, na mikupuo ikiondoka tungebaki na ngazi ya maji kama nyingine nyingi. Kinachowasimamisha watu, watoto hasa, ni kutojua maji yatatua wapi.

Uamuzi wa kubakiza mikupuo una gharama. Maji yanayopotea lazima yafidiwe, sakafu ya kandokando isiteleze, na watundu wakimimina sabuni, mikupuo huichanganya na hewa hadi povu likafurika. Mji unaotaka kuiga kazi hii uanze kwa kupima upepo wa mtaa na upana wa hodhi. Rangi za ndoo zitafuata.