Maji Yanayokwenda kwa Jirani

Ng'ambo ni jina lenye hukumu ndani yake. Alilitoa mtu aliyesimama Mji Mkongwe akatazama upande wa pili wa hori. Hori lenyewe lilifukiwa enzi za Waingereza, na leo anayepita Darajani havuki maji yoyote. Lakini masika ikifika, Sebleni na Mwanakwerekwe watu hubeba magodoro kichwani, na jina la zamani hupata maana tena.

Tuseme kwanza lililo haki kulisema. Serikali ya Mapinduzi haikulala. Mradi wa Huduma za Jamii Mijini (ZUSP), ulioanza 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 38 na baadaye kuongezewa fedha, ulichimba mitaro mikubwa Ng'ambo, ukaweka taa za barabarani, ukajenga ukuta wa bahari Mizingani. Anayeubeza mtaro hajawahi kulaza watoto juu ya meza usiku. Na wenye visima vifupi jirani na vyoo wanajua kwamba mafuriko na kipindupindu ni ndugu. Wazee wanakumbuka cha 1978, vijana wanasimulia cha 2015 na 2016.

Shaka yangu iko kwenye kipimo. Mtaro huhesabiwa kwa mita, kisha huzinduliwa. Haki ina maswali mengine. Mpangaji wa chumba kimoja, anayehama kila mwaka, aliitwa kwenye kikao cha shehia kabla ramani haijachorwa? Na taka za mji zinakwenda kwa nani? Zamani zilikwenda Jumbi, sasa Kibele. Sisemi jaa lisijengwe. Jaa lililosanifiwa ni afadhali mno kuliko taka za kumwagwa ovyo. Nasema mwanakijiji wa karibu na Kibele ni jirani wa yule anayepunga upepo Forodhani, ingawa hawajawahi kuonana.

Kanisa nalo lisijitoe. Luther, akieleza ombi la mkate wa kila siku, aliweka humo serikali njema, hali ya hewa njema na majirani waaminifu. Wanafunzi wangu chuoni hukariri orodha hiyo na kupita. Tukizungumzia uumbaji tunapanda miti, na ni vyema, ila mti haumdai mtu chochote.

Miaka kadhaa iliyopita nilihubiri Amosi 5:24, pale nabii anapoifananisha haki na mto usiokauka. Baada ya ibada mama mmoja akaniambia, "Mchungaji, hayo ya maji kutiririka, masika hii utuonee huruma." Tukacheka. Kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma ya kanisa. Kiwanja chetu tulikuwa tumekijaza kifusi, kwa sadaka za waumini, ili ibada isikatishwe na maji. Haikukatishwa tena. Maji yalihamia kwa jirani yetu, mjane wa Kiislamu, ambaye kwa misimu miwili hakutuambia neno. Nilikwenda na mzee wa kanisa kumwomba radhi. Alitukaribisha chai, halafu akatuonyesha mstari wa tope ukutani. Ulikuwa juu ya goti langu.

Tangu siku hiyo naona aibu kuikosoa serikali kwa sauti kubwa, lakini siachi. Fedha za kuchimba hukopwa mara moja. Za kusafisha hutakiwa kila mwaka, na hizo hazina sherehe wala jiwe la msingi. Hapo ndipo maskini hurudi kwenye maji.

Usharika ulichimba mfereji mdogo kutoka kwa mjane hadi mtaro mkubwa. Tulipofika tukakuta mdomo wa mtaro umezibwa na chupa za plastiki na majani ya minazi. Tukazibua, vijana wetu na wa msikitini pamoja. Sasa mawingu ya Machi yakianza kukusanyika, sheha hupiga simu mapema kuuliza tuna majembe mangapi.