Upagani Mpya wa Uingereza Mbele ya Mwanahistoria

Kitabu cha Ronald Hutton, The Triumph of the Moon, kilichotolewa mwaka 1999, husifiwa na wahubiri kwa jambo moja: kwamba kimewaumbua wapagani wa Uingereza. Sifa hiyo ni nusu ya kweli tu, na nusu iliyobaki ndiyo ituhusuyo sisi tunaofundisha na kuhubiri.

Hoja ya mwandishi, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Bristol, yaeleweka upesi. Gerald Gardner, afisa wa forodha aliyestaafu kutoka Malaya, alidai kwamba mwaka 1939 aliingizwa katika kundi la siri huko New Forest, lililohifadhi dini iliyoutangulia Ukristo. Sheria ya mwaka 1735 iliyowaadhibu waliojidai kuwa na nguvu za uchawi ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gardner akatoa kitabu Witchcraft Today. Utangulizi wake uliandikwa na Margaret Murray, mtaalamu wa Misri ya kale, ambaye tangu mwaka 1921 alishikilia kuwa waliohukumiwa kwa uchawi katika Ulaya walikuwa waumini wa dini hiyo. Norman Cohn aliibomoa nadharia hiyo mwaka 1975, akionyesha jinsi Murray alivyonyofoa ushahidi uliomfaa na kuuacha usiomfaa. Hutton aonyesha chimbuko halisi: washairi waliomtukuza Pan na mwezi, taratibu za Frimasoni, vyama vya elimu za siri vya karne ya 19, na kalamu ya Doreen Valiente, aliyejiunga mwaka 1953 na kuandika upya sehemu kubwa ya liturgia. Hapa hatuoni pa kumpinga.

(Jina Wicca twaliacha bila kulitafsiri, kwa makusudi. Mchawi kwa Kiswahili ni yule amdhuruye jirani kwa siri. Na katika nchi ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, neno hilo halifai kuchezewa.)

Ajabu ni kwamba wafuasi wengi walikisoma kitabu hiki, wakakubali kwamba dini yao ni changa, nao wakabaki humo. Sensa ya mwaka 2021 katika England na Wales iliandika wapagani 74,000, na wengine 13,000 waliojitaja kwa jina la Wicca. Uzito wa dini hiyo hauko katika yaliyotukia, bali katika yatendwayo: duara chini ya mwezi mpevu, sikukuu nane za mwaka, mungu mke pamoja na mungu mume. Mwanamke alikuwa kuhani humo miaka arobaini kabla ya Kanisa la Anglikana la Uingereza kuwabariki makuhani wanawake wa kwanza, mwaka 1994, katika mji uleule wa Bristol. Hutton atueleza vizuri wazo la mungu mke lilitoka wapi. Kwa nini mwanamke aliyeliacha Kanisa apate pumziko kwake, hilo halichimbui vya kutosha. Twaona huo ndio upungufu wa kitabu.

Basi mhubiri adhaniye kuwa ameshinda kwa kutaja mwaka 1954 amekosea uwanja. Ni sisi tuliotundika kila kitu juu ya tukio moja chini ya Pontio Pilato, kama Paulo alivyowakumbusha Wakorintho. Mpagani hakuwahi kufanya hivyo, na kumnyang'anya historia ni kumnyang'anya asichokitegemea. Afadhali aulizwe habari za dhamiri. Majira hurudi kila mwaka, lakini dini hii haina tendo la kumtangazia mwenye hatia msamaha. Lakini aulizaye awe tayari kuulizwa. Wapagani wengi walikariri kuwa waliouawa kwa tuhuma za uchawi walifika milioni tisa; wanahistoria wakadiria 40,000 hadi 60,000, na baadhi yao walihukumiwa katika majimbo ya Kilutheri ya Ujerumani, ambako Katekisimu yetu ilifundishwa.

Kitabu ni kirefu. Mwanafunzi mwenye muda mchache aanze na sehemu zinazowahusu Gardner na Valiente.