Ushuhuda wa Waliookoka: Kipera Kilichosahaulika katika Fasihi Simulizi ya Meru na Embu

Mwalimu mwenzangu, yamkini umewahi kuikataa kazi ya mwanafunzi kabla hujaisoma hadi mwisho. Mimi nimewahi. Nilikuwa nimewatuma wanafunzi wa kidato cha tatu wakusanye kipera chochote cha fasihi simulizi katika mazingira yao wakati wa likizo. Wengi walirudi na vitendawili na ngano za fisi na sungura, na nasema bila kusengenya kwamba baadhi ya fisi hao walikuwa wametoka moja kwa moja katika vitabu vya kiada. Msichana mmoja wa upande wa Runyenjes aliniletea kurasa nne za ushuhuda wa nyanya yake: jinsi alivyosikia mwito wa wokovu na jinsi alivyouitikia. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Hii ni dini, si fasihi," nikampa alama tatu kwa kumi.

Makala haya ni jaribio la kulilipa deni hilo. Ninakusudia kuonyesha kwamba ushuhuda ni kipera kamili cha fasihi simulizi, kwamba umekomaa Meru na Embu kwa muda mrefu, na kwamba tunapoufungia nje ya darasa tunawanyima wanafunzi wetu masimulizi ambayo wameyasikia kwa masikio yao wenyewe kuliko ngano yoyote.

Tuanze na historia kwa ufupi. Wamisionari wa CMS walifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka wa 1910. Wamethodisti wakafika Meru mwaka wa 1912. Wakatoliki wa Konsolata wakajenga misheni zao Imenti katika miaka hiyo hiyo. Na Kanisa la Skoti likaanza Chogoria mwaka wa 1922. Katika miongo hiyo ya mwanzo, kuitikia mwito kulikuwa hasa kusoma, kubatizwa na kupata jina jipya. Ushuhuda kama tunaoujua ulikuja na Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliochipuka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda na kuingia Kenya mwaka wa 1937. Hapo ndipo mtu aliyekwisha kubatizwa alipoambiwa kwamba ubatizo pekee hautoshi. Alitakiwa asimame mbele ya ndugu na aseme kwa kinywa chake alichofanya, na nani alimtendea. Neno hilo "kusema" ndilo linalotuhusu sisi walimu wa fasihi.

Hebu tutazame utendaji wenyewe. Fanani husimama. Hufungua kwa fomula: "Bwana asifiwe!" Hadhira hujibu: "Amina!" Hujitaja jina, hutaja kwamba Yesu ni mwokozi wake, mara nyingi hutaja na siku. Kisha huingia katika maisha ya kale, hufika kwenye kituo cha mgeuko, na hufunga kwa kuomba aombewe. Je, hii si fomula ya ufunguzi, kiini na fomula ya kumalizia? Na hadhira haikai kimya. Usemi ukiwagusa, mmoja huanzisha "Tukutendereza", wote wakapokea. Lakini mwalimu aliyewahi kuhudhuria mikutano hiyo anajua kwamba wimbo huo huo hutumiwa pia kumkalisha fanani anayerefusha au anayeanza kujisifu. Hadhira inahariri masimulizi palepale, papo kwa papo! Sijaona ngano inayohaririwa kwa nidhamu namna hiyo.

Fomula zenyewe ni za kukopa. Wimbo ni wa Kiganda. Waembu wengi wamesoma Biblia ya Kikikuyu kwa miaka mingi. Salamu ni ya Kiswahili hata pale masimulizi yanapoendelea kwa Kiembu au Kimeru. Kwa hiyo, mwanafunzi anayetafuta mfano wa fasihi simulizi inayobadilika na kusafiri hana haja ya kwenda mbali.

Turudi kwa nyanya wa Runyenjes. Nilizisoma kurasa zile upya miaka kadhaa baadaye nilipokuwa nikisafisha kabati. Alisimulia kwamba alisikia mahubiri siku ya soko, akiwa amekaa nyuma ya ndizi zake. Hakuenda mbele. Alisema moyoni kwamba mhubiri yule anapoteza muda wa watu. Ila njiani kuelekea nyumbani alianza kulifikiria jembe la jirani aliloliazima wakati wa palizi akakana kuwa nalo. Alipita siku tatu nalo, akilima nalo, "likizidi uzito kila siku". (Tazama taswira hiyo, ilhali mimi niliitolea alama tatu.) Siku ya nne alilibeba hadi kwa jirani, akakiri kwamba aliliiba, akamweleza kuhusu Yesu. Jirani akalipokea, akaligeuza, akalitazama makali yake, akamjibu: "Jembe nimelipokea. Huyo Mungu wako nitamfikiria."

Msichana aliandika katika mabano kwamba hapo hadhira hucheka kila mara.

Wasomaji wa makala haya wanajua kwamba wanaotembea katika Uamsho hutilia mkazo kurudisha. Toba isiyorudisha kitu huitiliwa shaka. Inafaa kuwakumbusha wanafunzi kwamba neno lenyewe "toba", tulilolipata kutoka Kiarabu, asili yake ni kurejea. Katika masimulizi haya jembe ndilo linalorejea kwanza, na mwenye kulibeba anafuata. Hiyo ndiyo taswira kuu ya kazi nzima. Haikubuniwa na mwandishi. Ilitokana na desturi ya kundi, kisha fanani akaijaza uzito.

Lakini ubora wa kazi hii, kwa maoni yangu, unatokana na yule jirani. Ushuhuda mwingi tunaousikia una sauti moja tu: nilikuwa gizani, sasa niko nuruni. Wahusika wengine ni vivuli. Ushuhuda wa nyanya unamwacha mtu wa pili aseme, na anachosema si kukubali wala kukataa. Anachukua haki yake, na mengine anayaahirisha. Meru na Embu unawajua watu hao. Yuko mzee ambaye, akiulizwa kama ameokoka, atakujibu kwamba alibatizwa Kigari kabla mhubiri hajazaliwa. Yuko kijana wa Maua anayesikiliza neno lote huku akitafuna miraa yake, kisha akasema "Amina" kwa adabu na kuondoka. Wako wanafunzi wetu wenyewe wanaookoka kila muhula chama cha Wakristo kinapoleta mhubiri mgeni. Na yuko Mkatoliki wa Imenti ambaye ametubu kwelikweli, lakini katika kitubio, sikioni mwa padre, na haoni kwa nini soko lizima lisikie. Huyu wa mwisho anatufundisha jambo la kiutanzu: kitubio na ushuhuda ni maungamo yote mawili, ila kimoja hakina hadhira na kingine hakiwezi kuwapo bila hadhira.

Fasihi andishi imewashughulikia watu hawa zamani, nasi tunaweza kuitumia kama kipimo. Katika riwaya ya Ngugi wa Thiong'o ya mwaka wa 1965 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Njia Panda, Muthoni ameuitikia mwito wa Kristo na hataki kuurudisha. Anataka pia kutahiriwa awe mwanamke kamili wa watu wake. Baba yake Joshua hana nafasi ya jibu kama hilo. Kwake kuna ndiyo na kuna hapana. Wanafunzi wa Chogoria hawahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa mgogoro wa mwaka wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana ulilitikisa kanisa la kwao vibaya na wengi wakalihama. Wale wa Meru watakumbuka masimulizi ya Ngaitana, wasichana waliojitahiri wenyewe baada ya Njuri Ncheke kupiga marufuku tohara hiyo mwaka wa 1956. Simtetei mtu kuhusu tohara. Madhara yake tunayajua. Ninachosema ni kwamba Muthoni anafanana na jirani wa Runyenjes kwa jambo moja: analijibu swali kwa maneno ambayo muulizaji hakuyaandalia nafasi.

Upande wa pili kuna Kiguunda wa Nitaolewa Nikipenda. Yeye anakubali. Anakubali kufunga ndoa kanisani kama Ahab Kioi na mkewe Jezebel wanavyomshawishi, anaweka rehani kishamba chake ili agharimie arusi, na shamba linakwenda. Walimu wengi humtumia Kiguunda kuonyesha kwamba dini ni chambo cha tajiri, wakaishia hapo. Nadhani usomaji huo ni wa haraka. Mweke Kiguunda kando ya nyanya. Nyanya alipoitikia mwito, mali ilitoka kwake ikaenda kwa mwenyewe. Kiguunda alipouitikia, mali ilitoka kwa mnyonge ikaenda kwa mwitaji. Tamthilia haisemi kwamba kila mwito ni wa uongo; inatupa swali la kuuliza kila mwito: baada ya toba, jembe liko kwa nani?

Najua pingamizi litakalotolewa. Baadhi ya walimu watasema kwamba kuhakiki ushuhuda ni kuudharau, kwani msemaji anasema kweli ya maisha yake na sisi tunamhesabia takriri na tashihisi. Nimelifikiria jambo hili kwa muda. Hata hivyo, mawaidha tunayahakiki, na maombolezo tunayahakiki ilhali machozi yake ni ya kweli. Kuna hatari, ndiyo: mwanafunzi asiyeokoka anaweza kumdhihaki aliyeokoka, au kinyume chake. Kwa sababu hiyo nashauri ushuhuda utolewe darasani kwa idhini ya mwenyewe, na maswali yaelekezwe kwa utendaji na usimulizi, kamwe yasiwe kama msemaji ameokoka kweli. Hilo si la mtahini wa karatasi ya 102/3 wala la mwalimu wa zamu. Kuhusu mahali pake katika tanzu, mimi ningeuweka chini ya mazungumzo, karibu na mawaidha, ingawa umbo lake ni la hadithi. Atakayeuweka kwingine sitamkosoa.

Nilimtafuta msichana yule, sasa mama wa watoto wawili, nikamwomba radhi kwa zile alama tatu. Alicheka. Nyanya alikuwa ameshaaga dunia. Nilipomuuliza habari za jirani, aliniambia kwamba mzee yu hai, bado anafikiria, na jembe limebadilishwa mpini mara mbili.