Fundi wa Mabehewa na Reli ya Taru

Ukitoka Diani ukapanda hadi Kwale mjini, kisha ukashika njia ya Kinango mpaka Samburu, minazi inabaki nyuma na mbele yako inatokea reli. Wengi wetu wa Msambweni na Ukunda tukisikia habari za reli hufikiria Mombasa na Nairobi tu, kana kwamba gari la moshi liliiruka kaunti yetu ya Kwale. Halikuiruka. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, nayo ilipita Samburu, Taru na Mackinnon Road, katika nyika ya Waduruma ambayo wajenzi waliihofu kwa ukame wake. Pale Mackinnon Road, ubavuni mwa reli, upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, mfanyakazi wa reli aliyetoka Punjab. Inasimuliwa kwamba karai lake lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Wasafiri wa barabara kuu husimama hapo mpaka leo kuomba dua. Naipenda hadithi hiyo kwa kuwa anayekumbukwa ndani yake ni mtu wa kazi ya mikono.

Kazi ya mikono ndiyo iliyonipeleka kuyatazama mabehewa ya zamani. Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, limehifadhiwa behewa la ukaguzi namba 12. Mwezi wa Juni 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alikuwa ndani yake kwenye stesheni ya Kima akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, akatoka naye dirishani. Kila mgeni akisimuliwa kisa hicho hulikodolea macho dirisha. Nakuomba ukifika hapo utazame na mbao pia, uone zilivyounganishwa na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Seremala wa mabehewa huanza kwa sikio. Hugonga ubao kwa mpini wa patasi: ubao mzima hujibu kwa sauti kavu, uliooza hunyamaza. Kwa kawaida uozo hujificha chini ya madirisha, maji ya mvua yanakopenyea na kutuama, tena rangi ya nje inaweza kuwa nzuri kabisa huku ndani mmebaki unga. Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Mbao hufunguliwa moja moja na kutiwa namba kwa chaki ili kila moja irudi ilikotoka. Palipooza hukatwa, palipo pazima huachwa, na kipande kipya huungwa kwa mkato wa mshazari unaoshikana na ubao wa kale. Fundi mwenye pupa angeng'oa ubavu mzima akaweka mbao mpya, akamaliza upesi. Angekuwa amejenga behewa jingine.

Mabehewa mengi ya zamani katika himaya ya Waingereza yalijengwa kwa msaji, mti ambao sisi wa pwani tunaujua kwa majahazi. Una mafuta ndani yake, na mchwa hawaupendi. Fundi wa ngalawa wa Gazi au Shimoni angeingia katika karakana ya reli akaielewa nusu ya kazi bila kufundishwa: randa, keekee, na jicho linaloona mstari uliopinda kabla ya rula kuuthibitisha. Nusu ya pili ingemshangaza. Chombo cha baharini hunywa maji, mbao zikavimba na kufunga nyufa zenyewe, na kalafati humalizia kazi. Behewa halina msaada huo. Lazima libaki kavu, na huku linatikiswa mwendo mzima, kila kona ikiupinda mwili wake kidogo. Ndiyo maana mapaa ya mbao yalifunikwa turubai lililotandazwa juu ya rangi mbichi, kisha likapakwa rangi tena na tena mpaka likawa kama ngozi.

Chini ya sakafu kuna elimu nyingine. Magurudumu yaliyolika hukerezwa upya ili yakae sawa juu ya chuma. Beringi za kale zilipakwa ndani madini laini meupe na kulishwa mafuta kutoka kwenye kisanduku chake. Mafuta yakikauka, kisanduku huwaka moto na safari huishia hapo. Na kabla ya kuondoka, mtu hupita na nyundo akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu. Sijui kazi nyingine ambayo maisha ya abiria mia hukaa katika sikio la mtu mmoja aliyeinama.

Kwamba kazi hii inawezekana kwetu, tumekwisha kuona. Treni ya abiria ilirudi Nanyuki mwaka 2020 na Kisumu mwaka 2021, kwa mabehewa ya zamani yaliyofanyiwa ukarabati. Nako Tanzania, mwaka 1993, mabehewa ya kale ya kampuni ya Rovos Rail yaliyofufuliwa Afrika Kusini yalianza kusafiri mpaka Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA. Kwetu hayawezi kufika: reli yao ina upana wa milimita 1,067, hii yetu ya zamani 1,000. Milimita 67 zinatuambia kwamba mabehewa ya kupita Taru ni yale yaliyozaliwa kwa reli hii, na wa kuyatengeneza ni sisi.

Basi namwomba kila mwenye sauti katika Shirika la Reli na katika kaunti yetu: vijana wa Kinango na wa Msambweni wapelekwe karakana ya Nairobi wakajifunze kuunga msaji na kusikiliza gurudumu. Kisha behewa moja, moja tu kwa kuanzia, liletwe Mombasa, lipande Mariakani, lipite Samburu na Taru, lisimame Mackinnon Road saa ya adhuhuri, abiria washuke waswali.