Kaliua Hadi Tabora kwa Kupitia Ulaya

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano wakati huo, Nape Nnauye, akawaeleza Watanzania kilichotokea, na kwa siku kadhaa intaneti nchini ikawa ya kusuasua. Mtu aliyekuwa na kikao cha video Jumatatu yake kati ya Kaliua na Tabora alikuwa na haki ya kuuliza. Miji hii miwili iko kwenye reli moja. Katikati yao kuna miombo, mashamba ya tumbaku na mji wa Urambo. Bahari inaingilia wapi?

Inaingilia kwenye seva. Kikao kikiwa na watu zaidi ya wawili, programu nyingi za mikutano hazipeleki picha moja kwa moja kutoka kwangu kuja kwako. Kila kamera hupeleka picha yake kwenye seva, na seva ndiyo inayowagawia wengine. Seva ikiwa Ulaya, sura ya katibu wa Kaliua inakwenda Dar es Salaam, inazama baharini, inaibukia Ulaya, kisha inarudi njia ile ile hadi Tabora. Siku ambazo nyaya ni nzima hakuna anayeigundua safari hiyo, kwani kwenda na kurudi kati ya Dar na Ulaya huchukua kama sehemu ya sita au ya saba ya sekunde. Lakini mwaka ule njia ya kaskazini ilikuwa imeshadhurika: mwezi Februari nyaya kadhaa, SEACOM ikiwa mojawapo, zilikatika katika Bahari ya Shamu. Mzigo mkubwa ukaelemea kusini, na kusini nako kukakatika.

Nchi hii imewahi kuona njia ikifungwa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga barabara ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, iliyopita katika maeneo haya haya. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kushuka kusini, akazunguka na kupanda tena ndipo akafika Ujiji. Njia ya kuzunguka ilikuwepo, ila ilikuwa ndefu na nyembamba, na ndivyo zilivyokuwa njia mbadala za Mei 2024. Picha ya video ni mzigo mpana, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukwama, wakati ujumbe wa maandishi ulipenya kwa taabu.

Nimeanza na njia kwa makusudi, maana wauzaji wa vifaa huanza na kamera. Tuipe kamera haki yake kwa hesabu. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta milioni mbili na ushee. Kila nukta ikichukua biti 24, na picha zikiwa 30 kwa sekunde, unapata karibu gigabiti moja na nusu kila sekunde. Hakuna ofisi, iwe Kaliua au Posta ya Dar, inayopeleka mzigo huo kwa ajili ya kikao. Kilichowezesha ni kodeki, hasa H.264 iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2003. Kodeki hutuma picha moja kamili, kisha hutuma mabadiliko tu. Ukuta ulio nyuma ya mwenyekiti haujabadilika, hivyo hautumwi tena. Mdomo unaosogea ndio unaotumwa. Gigabiti moja na nusu inashuka hadi megabiti tatu au nne.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza ubora bila kujua. Feni inayozunguka nyuma ya msemaji ni mabadiliko. Pazia linalopeperushwa na upepo ni mabadiliko. Chumba chenye giza ni kibaya zaidi, kwa sababu kamera ikikosa mwanga hutoa chembechembe zinazochezacheza kwenye picha nzima, na kodeki huziona kama tukio linalostahili kutumwa. Megabiti zako zinaliwa na giza, uso unabaki na ukungu. Mezani pangu ningeanza kwa kumgeuza katibu alitazame dirisha badala ya kulipa mgongo, kabla sijamshauri anunue kamera mpya.

Sasa bando. Zoom wenyewe wanashauri kwamba kikao cha watu wengi kwa kiwango cha 720, yaani nukta 720 kwa kimo, kiwe na megabiti 2.6 za kupakia na 1.8 za kupakua kila sekunde. Kwa 1080 ni 3.8 na 3.0. Jumlisha, zidisha kwa saa moja: karibu gigabaiti mbili kwa kiwango cha kwanza, tatu kwa cha pili. Bodi ya ushirika ikikaa saa tatu, na bodi zetu zinajua kukaa, ofisi moja imeshatumia gigabaiti sita hadi tisa. Angalia pia kwamba namba ya kupakia ndiyo kubwa. Watu hupima intaneti kwa kasi ya kupakua, kwa sababu ndiyo inayotumika kutazama video za watu wengine. Kikaoni wewe ndiye unayetazamwa. Mtandao wa simu umepangwa kukupa kupakua kwingi na kupakia kidogo, na hicho kidogo unagawana na kila aliye chini ya mnara uleule. Siku ya gulio au siku ya malipo ya tumbaku, mnara una wageni.

Kwa hiyo kwa ofisi ya wilayani nashauri 720, na HD kamili iachwe kwa kumbi zenye faiba yake. Kwenye skrini ya kompyuta ndogo tofauti ni ya kujisifia tu.

Sauti ni habari nyingine, na ndiko kikao kinakofia. Kodeki ya Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, inabeba sauti safi ya binadamu kwa kilobiti 30 hivi kwa sekunde. Hiyo ni chini ya sehemu ya themanini ya picha ya 720. Ukizima kamera zote, kikao bado kipo. Ukipoteza sauti nusu dakika, hakuna atakayejua azimio lilikuwa nini. Bado utakuta fedha yote imekwenda kwenye skrini kubwa, na watu kumi wanazungumza kupitia maikrofoni ya kompyuta iliyo mwisho wa meza, chini ya bati, mvua ikinyesha. Kipaza sauti cha mezani kinachozuia mwangwi kingetangulia kila kitu.

Kabla ya faiba, kikao cha namna hii kilipita angani. Mwaka 2000 Benki ya Dunia ilianzisha mtandao wake wa mafunzo ya mbali, na kituo cha Dar es Salaam, kilichokuja kuwa Wakala wa Mafunzo kwa Njia ya Mtandao, TAGLA, katika jengo la Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilikuwa sehemu yake. Mtumishi wa Tabora aliyetaka kuongea na wenzake wa nchi nyingine alikwenda Dar, akaingia chumba kile. Setilaiti ya aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni karibu robo ya sekunde. Swali na jibu ni nusu sekunde. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende kwa raha. Ukizidi hapo, watu wanaanza kusema kwa pamoja, wananyamaza kwa pamoja, wanaanza tena. Kwa Mswahili balaa linaanzia kwenye salamu: marahaba inafika wakati mdogo ameshaingia kwenye habari za nyumbani.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulibadilisha hesabu hiyo. Ulijengwa kuanzia 2009, na kufikia 2012 ulikuwa na urefu wa kilomita 7,560, ukifika Tabora na Kigoma na kutoka hadi mipakani, Manyovu upande wa Burundi ikiwemo. TTCL ndiyo iliyokabidhiwa kuusimamia. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kutoka nchi ya Kaliua hadi Dar, kilomita elfu moja hivi, ni milisekunde tano. Ongeza za vifaa njiani na za mnara, bado uko mbali na 150. Kwa maana ya muda tu, Kaliua haiko mbali na Dar kuliko Mbezi.

Ndiyo sababu suala la seva linauma. Tumechimba mtaro hadi magharibi ya nchi, kisha tunaupeleka mkutano wa ndani ukafanyikie ng'ambo. Serikali imelijibu kwa upande wake: Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, ilitengeneza mfumo wa e-Mikutano kwa ajili ya taasisi za umma. Mfumo wa aina hiyo ukikaa kwenye mitambo iliyo nchini, kikao cha mkoa na wilaya hakihitaji kuivuka bahari. Mahakama nayo ilijiwekea kanuni za kuendesha mashauri kwa mbali mwaka 2021, kwa Tangazo la Serikali namba 637. Msukumo wa haya yote ulikuwa umeshaonekana Machi 2020, pale Baraza la Mawaziri la SADC, lililopangwa kukutana Dar es Salaam chini ya uenyekiti wa Profesa Palamagamba Kabudi, lilipofanya kikao chake kwa video baada ya korona kubisha hodi.

Sekta binafsi na ushirika bado wamebaki na programu za nje, na siwalaumu. Ni rahisi, na mjukuu nyumbani anazijua. Lakini chama kikuu cha ushirika chenye vyama vya msingi, AMCOS, vingi kinaweza kuweka programu huria kama Jitsi kwenye seva ya kukodi Dar es Salaam, na mitandao ya nchini ikabadilishana data pale TIX, kituo kilichoanza 2004. Fundi mmoja anatosha. Na programu hizi zina ufundi mzuri kwa nchi kama yetu: kamera ya makao makuu hutuma picha yake kwa ukubwa tofauti tofauti kwa wakati mmoja, na seva humpa kila mshiriki ile ambayo njia yake inaiweza. Usinge, wilayani Kaliua, inapokea ndogo, Tabora mjini inapokea kubwa, wala hakuna anayemrudisha mwenzake nyuma. Mitambo ya zamani ilichanganya picha zote kuwa moja na kumlazimisha kila mtu aipokee hiyo hiyo.

Linabaki jaribu moja ambalo nalisikia kila HD inapotajwa mbele ya watu wa tumbaku: kwa nini uteuzi wa madaraja usifanyike kwa video? Mteuzi akae Tabora, robota lifunguliwe mbele ya kamera Kaliua, safari na posho ziokolewe. Hapa ufundi unakataa. Ili kupunguza mzigo, video za mikutano huhifadhi mwanga na kivuli kwa nukta zote, lakini rangi huipima mara moja kwa kila nukta nne. Picha ya HD kamili ina rangi ya 960 kwa 540 tu. Jicho halilioni hilo usoni mwa mtu. Kwenye jani lililotoka banini, ambalo bei yake inategemea kama ni rangi ya limau au ya chungwa, ndiyo hasara yenyewe. Juu yake kamera hujirekebishia weupe kadiri ya mwanga wa ghala, na njia ikibanwa kodeki huanza kupaka rangi zinazokaribiana kuwa moja. Wala hakuna megabiti inayobeba unyevu wa jani mkononi. Bodi ijadili bei, mgawo wa mbolea na deni la pembejeo kwenye skrini, hata saa tatu. Robota libaki Kaliua, na mteuzi wa Bodi ya Tumbaku apande gari.