Aliyepita ni nani? Ngeli na siri ya nyimbo za mahaba za Mvita

UKIKAA barazani Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na wimbo wa marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo ukasikika kutoka dirisha la jirani, swali la kwanza la wasikilizaji huwa halihusu muziki. Huuliza: “Huyu kaimbiwa nani?” Swali hilo nimelisikia tangu utotoni, na siku hizi nalisikia hata katika madarasa ya fasihi. Mwanafunzi hupewa wimbo wa mahaba, naye badala ya kuusoma huanza kumsaka mwenye sura. Nashikilia kwamba kwa nyimbo nyingi za pwani swali hili halina jibu, na kulilazimishia jibu ni kuuharibu wimbo.

Chukua wimbo wa mpita njia. Mtu kamwona mtu mara moja, moyo ukashtuka, yule kenda zake. Hapana jina, hapana ahadi. Dunia nzima inazo tungo za namna hii. Mshairi Mfaransa Charles Baudelaire alichapisha shairi kuhusu mwanamke aliyempita katika kelele za jiji la Paris mnamo 1860. Mwaka wa 1962, Antônio Carlos Jobim na Vinicius de Moraes wa Brazil walimtungia wimbo msichana wa Ipanema aelekeaye baharini, ukazunguka ulimwengu. Lakini Kifaransa na Kireno ni lugha zenye jinsia ya kisarufi. Tangu kichwa cha utungo, msikilizaji keshaambiwa aliyepita ni wa kike.

Sasa tuje kwetu. “Alinipita, nikamtazama.” Nani huyo? Kiambishi a- na kiambishi -m- vya ngeli ya A-WA havimwambii msikilizaji kama ni mume au mke. Mimi mwenyewe, wimbo wa namna hii ukipigwa, huwakumbuka watu watatu. Mmoja alisimama ukingoni mwa feri ya Likoni, upepo ukimpiga usoni. Wa pili aliniuliza njia ya kwenda Ngome ya Yesu, wala sikumbuki nilimjibu nini. Wa tatu nilimwona mato tu, katika kichochoro chembamba ambamo mmoja hulazimika kujibanza ukutani ili mwenzake apite. Bila shaka wewe msomaji umeshaamua kama walikuwa wanaume au wanawake. Hebu rudi ukazisome tena sentensi zangu. Sarufi haikukwambia kitu, uamuzi ni wako.

Malenga wetu hawakuishia hapo. Istiara humtoa mpendwa katika A-WA kabisa. Akiitwa ua au tunda, huhamia LI-YA: limechanua, limenipita. Akiitwa lulu au nyota, huhamia I-ZI. Walimu wengi hufundisha istiara hizi kama pambo la lugha, wakaishia hapo. Zina kazi nyingine. Katika mtaa ambao nyumba zimeegemeana na kila mtu amjua mama wa mwenzake, kuhamisha ngeli ni kumsitiri mtu. Vilevile kunamfungulia mlango kila msikilizaji. Bibi aliye jikoni, akisikia sauti ya mwanamume ikilisifu ua, huweza kumkumbuka aliyemvutia yeye ujanani, na pasiwe na wa kumuuliza.

Muziki nao husaidia. Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mnamo 1942 na kufariki 2014, alisifika kwa kutia maneno ya Kiswahili katika lahani za filamu za Kihindi. Kwa waliokwenda sinema siku zile, lahani ilifika tayari imebeba sura za watu wasiowajua kamwe. Maneno mengi aliyoyaimba yalikuwa ya jamaa yake, Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya 1971. Hapa ndipo nina wasiwasi. Nyimbo hizi zinapoandikwa upya na vijana wetu, wengi “husahihisha” Kimvita kikawa Kiswahili sanifu. Neno mato likageuzwa macho, basi kina cha -to kilichooana na moto, zito na mvuto kimevunjika. Neno kuteka likageuzwa kucheka, na mchezo wote umepotea, kwa sababu katika maandishi anayeteka anaweza kuwa anacheka, anachota maji, au anakuteka nyara. Kwa aliyeona tabasamu la mtu asiyemjua, maana zote tatu ni za kweli.

Wapo watakaosema nyimbo hizi ni upuuzi wa wazee, au kwamba zinahalalisha vijana kuwasumbua wapita njia. Nawaomba wasikilize vizuri. Mwenye kuimba hamwandami mtu, hamshiki mkono, hamtolei maneno mwilini. Yule huenda zake salama, naye mwimbaji hubaki palepale na moyo wake. Linganisha na baadhi ya nyimbo za leo zinazotaja viungo vya mwili kimoja kimoja, kama mchuuzi wa nyama anayepanga bidhaa yake. Kijana aliyezoea kusikia uzuri wa mtu ukisifiwa bila mwenyewe kuguswa amepata funzo ambalo hotuba za adabu hazimpi.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, wimbo wa namna hii ukiletwa darasani, tusiwaulize wanafunzi kaimbiwa nani. Tuwaulize: mpendwa yuko katika ngeli gani? Amehamishwa mara ngapi? Lahaja imebeba kina kipi ambacho usanifu ungekivunja? Na yule aliyemjia mwanafunzi akilini wimbo ulipokuwa ukipigwa, tumwachie mwenyewe.